Kipimo cha Pikapu

Mtu mmoja wa huku milimani alikuwa na mama, mke, watoto watatu na shamba la tangawizi. Nitamwita Eliamini. Kama kuna Eliamini mwingine amekaa humu leo, atulie, simsemi yeye. Au pengine namsema, atajua mwenyewe.

Kila mwaka Eliamini na jamaa yake walikwenda makambini. Ninyi mnayajua makambi: siku saba kwenye mahema, mahubiri asubuhi na jioni, uji kwenye masufuria makubwa. Uwanja wao ulikuwa ng'ambo ya kijito, mwisho wa barabara ya mlima. Mama yake, bibi Namkunda, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda huko katika ukoo wao. Alikwenda kwa miguu, kutwa nzima, sufuria moja kichwani na Eliamini mgongoni ndani ya mbeleko. Vingine vyote aliviacha nyumbani, maana alikuwa na kichwa kimoja na mgongo mmoja.

Miaka ikapita. Mama akazeeka, nyonga ikamkatalia milima. Na Eliamini akapata vitu.

Mwaka mmoja alikodi pikapu ya jirani. Wakapakia hema, magodoro manne, viti vya plastiki, pipa la maji, gunia la unga, mikungu ya ndizi, redio kubwa yenye spika mbili, na boksi la sahani za udongo za kuwakaribishia wageni. Mbele akakaa dereva pamoja na Nakaniwa, mke wa Eliamini, amempakata mtoto mdogo. Eliamini na watoto wakubwa wawili wakapanda nyuma, juu ya mizigo. Mama alibaki amesimama mlangoni na kikapu chake, amejifunga kitenge kipya. Juu ya mizigo hakuweza kupanda, na hakuna aliyetaka kuishusha.

"Mama, utakuja safari ya pili," Eliamini alimwambia. Alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Safari ya pili haikuwapo. Siku ile walisimamisha hema. Kesho yake dereva alikuwa na kazi nyingine. Keshokutwa palikuwa na kwaya ya wageni, na nani aondoke kwaya ikiimba? Siku ya nne Eliamini alirudi nyumbani kwa bodaboda. Akamkuta mama amekaa mlangoni juu ya kigoda, kitenge kimefungwa, kikapu kimefungwa, kitabu cha nyimbo mapajani. Alipomwona mwanawe, uso wake ukachangamka.

"Umenifuata, baba?"

Eliamini alitazama chini. Alikuwa amefuata pasi ya mkaa. Waliisahau, na mashati ya ibada yalikuwa yamekunjamana. Akamwambia hivyo hivyo, kwa kuwa hakuzoea kusema uongo, na kuna siku ukweli ni aibu tupu.  Mama akasema, "Ipo chini ya kitanda chako, upande wa ukutani."

Alirudi makambini na pasi yake. Mashati yalinyooka, lakini yeye alikaa ibadani siku tatu zilizobaki kama mtu mwenye mwiba kwenye kisigino. Pale pale akaapa kwamba mwaka ujao mama atafika, iwe isiwe. Na Eliamini hakuwa mtu wa kuapa halafu akalala. Mkulima wa tangawizi anajua kwamba nia bila jembe haioti.

Sasa sikilizeni alivyofikiri, maana ndivyo tunavyofikiri wote. Alisema, "Nilimwacha mama kwa sababu gari lilikuwa dogo." Gari halina mdomo, halikujitetea.

Alipouza tangawizi ya mwaka ule hakubadilisha mabati, wala hakununua ng'ombe kama alivyokusudia. Alichukua kamba ya katani, akaenda kwenye daraja la kile kijito. Ni daraja la magogo, na wazee waliotangulia walilijengea nguzo mbili za mawe kila upande ili malori yasipite. Akapima nafasi kati ya nguzo, akapiga fundo kwenye kamba, akaitia mfukoni, akateremka mjini kwenye yadi ya magari.

Pikapu ya kwanza aliyoonyeshwa ilikuwa ndogo, sawa na ile ya jirani. Mbele inakaa dereva na mtu mmoja na nusu. Hakuigusa. Ya pili ilikuwa kubwa, magurudumu yanamfika kiunoni, nyuma ungeweza kuhamisha nyumba nzima na mbwa wake. Moyo wake ulikwenda pale, nisiwafiche. Muuzaji aliuona moyo unavyokwenda, akausukuma.

"Mzee, ukipita na hii, kijiji kizima kitajua nani amefika."

Eliamini akatoa kamba, akaipitisha mbele ya gari. Gari likazidi fundo kwa shubiri nzima.

"Hilo si neno," muuzaji alisema. "Mtaliacha ng'ambo ya huku, mtamalizia kwa miguu."

"Mama yangu hana miguu ya kumalizia," Eliamini alijibu, akakunja kamba yake.

Alinunua ya tatu, ya wastani. Ndani ina viti vya watu watano, nyuma ina kiboksi kifupi. Watu sita wa nyumba yake wangetosha, mdogo akipakatwa. Na fundo la kamba lilibaki na nafasi ya vidole vitatu. Majirani walipoiona walicheka, wakakiita kile kiboksi kitanda cha mtoto. Eliamini aliwaacha wacheke. Aliweka kigoda chini ya mlango wa mbele, akamshika mama mkono, akampandisha ajaribu kiti. Bibi Namkunda aliweka mikono magotini, akatazama kupitia kioo. "Napaona mbele," alisema. Mwaka mzima hakusema neno lililomfurahisha mwanawe kuliko hilo.

Hapa mngetaka nimalize. Mtu alikosa, akajuta, akapima, akanunua kipimo sahihi, tuseme amina twende kula. Sijamaliza.

Asubuhi ya kwenda makambini ikafika. Wakapakia kama walivyozoea kupakia, mizigo kwanza, kwa kuwa mizigo ni mizito na watu wanajipakia wenyewe. Kiboksi kifupi kikajaa kabla pipa la maji halijapanda. Wakasukuma, wakafunga kamba, wakapanga upya. Gunia la unga likaingia ndani, miguuni. Redio ikakaa kiti cha nyuma, na godoro likakunjwa pembeni yake. Likabaki lile boksi la sahani. Nakaniwa akauliza liende wapi. Eliamini mwenyewe, kwa mikono yake, akalibeba taratibu zisivunjike, akaliweka kwenye kiti cha mbele, akalivutia mkanda, akalifunga.

Kisha akageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Na kinywa cha Eliamini kikafunguka chenyewe.

"Mama, utakuja safari ya pili."

Ndiyo. Yule yule aliyeapa. Yule aliyepima daraja kwa kamba.

Bibi Namkunda hakubisha. "Haya, baba," alisema. Akaweka kikapu chini, akaanza kufungua fundo la kitenge chake. Vidole vilikuwa vizito na fundo lilikuwa limekazwa vizuri, kwa hiyo ilichukua muda, na Eliamini akapata muda wa kutazama. Fundo lile lilikaa kifuani, mahali pale pale lilipokaa fundo la mbeleko siku alipobebwa yeye kwenda ng'ambo ya kijito. Siku ile hakuna aliyemwambia asubiri sufuria ipite kwanza. Machozi yalimjaa mbele ya watoto wake, na hakuyaficha.

"Teremsheni vyote," alisema. "Mama anaingia kwanza."

"Vyote?" Nakaniwa aliuliza. "Baba watoto, jua ndilo hilo. Tutachelewa ufunguzi."

"Vyote. Hata unga."

Wakateremsha. Ua ukajaa vitu kama siku ya kuhama. Eliamini akafungua mkanda aliozifungia sahani, akaleta kigoda, akamfunga mama kitenge upya kwa mikono yake mwenyewe, akampandisha. Kisha akampandisha mke na mtoto wa kupakatwa, kisha wale wakubwa wawili. Baada ya hapo ndipo alipoigeukia mizigo, na sasa mizigo ndiyo iliyosimama mlangoni ikisubiri kuitwa. Hema liliingia. Unga, ndizi, sufuria, magodoro mawili. Redio ilibaki, na viti, na pipa, na boksi la sahani. Pasi ya mkaa nayo ilibaki. Mwaka huu hakuisahau, aliitazama, akaiacha.

Walivuka daraja polepole, vioo vya pembeni vimekunjwa, vidole vitatu kati ya bati na jiwe. Bibi Namkunda alianza wimbo katikati ya magogo na kuumaliza ng'ambo. Ufunguzi waliukosa. Siku saba walikunywa uji kwa vikombe vya kuazima, walikaa chini kwenye mkeka, na Eliamini alisimama ibadani na shati lililokunjamana mbele ya watu wote waliomjua. Kuna waliomwonea huruma, wakadhani tangawizi imemwangusha. Mama yake alikuwa mstari wa mbele kila siku, asubuhi na jioni, kitenge kimefungwa.

Ndugu zangu, wengi wetu hapa tumekwisha kupata gari linalotosha, na bado tunaongea habari za gari dogo. Basi nijibuni ninyi mliokuja leo na mashati yaliyonyooka: ni nani amesimama mlangoni kwako sasa hivi akifungua fundo la kitenge chake, na ni kitu gani umekifunga mkanda kwenye kiti chake?