Katoni Moja ya Dawa ya Pumu

Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana nikifika katikati sitapenda kukatizwa. Ninawaletea shauri lililowashinda watu wazima wenye akili zao.

Palikuwa na hospitali moja chini ya milima, na mbele yake mashamba ya mkonge mpaka macho yachoke. Hapo walikutana watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Yudita Shekiondo, muuguzi. Kipaji chake kilikuwa sikio. Akiinamia kifua cha mgonjwa, alisikia mambo ambayo wengine waliyajua baada ya vipimo.

Wa pili ni Hoza, karani wa takwimu, mtu wa maneno machache. Namba aliyoiona mara moja haikumtoka. Ukikutana naye sokoni alikukumbuka kwa namba ya kadi yako kabla ya jina.

Wa tatu ni Mahija Kaoneka. Yeye hakuajiriwa hospitalini, alikuwa mgonjwa. Kwa miaka kumi na tisa alisafisha singa, zile nyuzi za mkonge, kiwandani, kwenye chumba chenye vumbi jeupe lisilokuruhusu kuona uso wa mwenzako. Vumbi hilo lilimpa pumu. Lilimpa na ujuzi pia: hakuna aliyelijua vumbi kama yeye, linavyoruka, linavyotua, linavyokaa kooni.

Mwaka huo Daktari Mgaya aliongoza utafiti wa dawa mpya ya pumu. Aliwaeleza wagonjwa hivi: ndani ya mirija ya hewa mna uvimbe, na uvimbe huo haulali hata siku unapojiona mzima. Dawa ilikuwa unga mwepesi, unaovutwa kwa pampu ndogo asubuhi na jioni, ili uvimbe utulie. Watu mia mbili walikubali kushiriki. Nusu walipewa dawa mpya, nusu ya zamani. Pampu zote zilifanana, na siri ya nani ana ipi ilifungwa kwenye bahasha.

Miezi minne mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa tano yakaharibika.

Asubuhi moja Mzee Kilua, mmoja wa washiriki, alikuja kliniki, akaketi wima bila kuegemea. Daktari kijana wa zamu akamsikiliza kifua, akafurahi.

“Mzee, leo kifua hakipigi filimbi kabisa. Unaendelea vizuri.”

Yudita alikuwa akipita na trei. Akamtazama mzee, akaiweka trei chini. “Daktari, naomba nisikilize na mimi.” Akaweka sikio mgongoni, kushoto, kisha kulia. “Hakijapona hiki. Kimenyamaza kwa sababu hewa haipiti.”

Midomo ya mzee ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano, wakampa mvuke wa dawa. Kwa nusu saa walimhangaikia. Kisha filimbi ikarudi kifuani, nyembamba, na Yudita akashusha pumzi, maana filimbi ilikuwa dalili kwamba njia imefunguka kidogo. Hakuishia hapo. Aliwazungukia washiriki wengine kijiji kwa kijiji, na kwa siku mbili akapata wanne waliokuwa wakienda njia ya Mzee Kilua. Wote waliokolewa.

Jumatano akaja mkaguzi kutoka makao makuu ya utafiti. Bahasha ikafunguliwa. Wagonjwa wote watano walikuwa kwenye dawa mpya.

“Dawa hii ni hatari,” mkaguzi alisema. “Ijumaa saa sita mchana naufunga utafiti huu, na dawa haitajaribiwa tena. Pampu za hawa watano zinakwenda maabara. Majibu ni baada ya miezi miwili.”

Daktari Mgaya alishika kichwa. Kati ya wagonjwa tisini na watano wengine kwenye dawa hiyohiyo, wengi walikuwa wakilala usingizi ambao hawakuupata kwa miaka.

Hoza aliondoka. Alijifungia ofisini na majalada yake, hata chai iliyoletwa ikapoa. Alhamisi mchana akatoka.

“Hawa watano walichukua pampu siku moja,” alisema. “Tarehe kumi na moja. Zote zilitoka katoni namba saba. Waliochukua kwenye katoni nyingine hawana shida. Na katoni namba saba ilikuwa na pampu thelathini. Ishirini na tano bado ziko majumbani.”

Mkaguzi akatikisa kichwa. “Nimekuelewa, karani. Lakini huenda unga wa katoni hiyo ni mkali kupita kiasi. Hiyo bado ni sumu. Namba zako zinanionyesha mlango, hazinionyeshi kilichomo ndani.”

Hata hivyo Hoza aliwatafuta wote ishirini na tano, wenye simu kwa simu, wasio na simu kwa kuwafuata kwa baiskeli: acheni pampu hizo, njooni nazo hospitali. Majina yao hakuyasoma popote. Yalikuwa kichwani.

Mahija alikuwa mmoja wao. Ijumaa asubuhi alitembea kutoka kambi ya kiwanda, akisimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi. Alipofika, Yudita alimshika mkono amlaze.

“Nitalala nikimaliza, mwanangu. Yuko wapi huyo mkaguzi?”

Wakamwingiza ofisini. Mahija akavua kitambaa chake cheusi cha kichwani, akakitandika mezani. Akaomba pampu kutoka katoni nyingine. Akaizungusha mpaka ikalia *ta*, akaigonga juu ya kitambaa. Ukatua unga mweupe, laini kama majivu ya sigara. Akachukua pampu yake, akaizungusha, ikalia *ta* vilevile. Akagonga. Kitambaa kikabaki cheusi. Akarudia mara tano.

“Labda umeimaliza,” mkaguzi alisema.

“Soma namba kwenye hiki kidirisha cha pampu, baba. Bado mara kumi na nane.” Akapumzika kidogo, kisha akaendelea. “Wiki tatu navuta hewa tupu. Vumbi nalijua. Likipita kooni nalisikia. Hili halikupita, nikadhani ni mimi ninayekosea kuvuta, nikaona haya kusema.”

Mkaguzi akachukua pampu nyingine mbili za katoni namba saba, akazigonga kwa mkono wake mwenyewe. Hakikuanguka kitu. Akakaa kitini.

“Kumbe si sumu,” alisema taratibu. “Hawakupata dawa kabisa.”

Ilikuwa saa tano na nusu. Mahija hakulisikia neno hilo, kwa kuwa alikuwa ameanguka. Yudita alikaa naye mpaka alasiri, oksijeni puani, ndipo alipofumbua macho.

Utafiti ukaendelea mpaka mwisho, na dawa ikathibitika kuwa nzuri. Lakini ilihitaji miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuuzwa, na washiriki wote walirudi kwenye dawa zao za zamani. Watengenezaji, kwa shukrani, wakatuma katoni moja inayomtosha mtu mmoja kwa miaka hiyo miwili. Sharti lao: Daktari Mgaya aandike jina moja, la aliyeokoa utafiti au la mgonjwa wa nyumbani kwa huyo aliyeuokoa. Isipoandikiwa jina, katoni inarudi na gari lililoileta. Kugawana hakukuwezekana: ukiiacha dawa njiani, uvimbe unarudi.

Akawaita watatu.

“Mama yangu amelazwa mara tatu mwaka huu,” Yudita alisema. “Na nisingesikia mimi, Mzee Kilua angezikwa, watu wangesema ni pumu tu, na hakuna ambaye angetafuta sababu.”

Hoza alitazama sakafu. “Binti yangu ana miaka tisa. Analala ameketi. Sista, wewe ulisikia, lakini utafiti ulikuwa unafungwa. Ni mimi niliyeiona katoni. Nisingeiona, Bi Mahija asingeitwa.”

“Mlisikia na mkahesabu,” Mahija alisema, “na mkaguzi bado alikuwa anafunga. Mimi nilikuja kwa miguu na kifua hiki hiki. Na ndicho ninachokiombea.” Akakohoa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, “Huyo mtoto sijamwona, Hoza. Ningemwona, pengine nisingeweza kusema hivi.”

Nje, dereva aliwasha gari. Daktari Mgaya alivuta fomu karibu, akafungua kalamu, akawatazama mmoja mmoja, na kila mmoja akayakwepa macho yake.

Mimi naishia hapo kwenye kalamu. Bila sikio, hatari isingejulikana. Bila kumbukumbu, chanzo kisingeonekana. Bila kitambaa cheusi, mkaguzi asingeamini. Na usiniambie wagawane, nimekwisha kusema haigawanyiki. Wala usimwambie daktari asubiri, gari linaunguruma.

Kalamu nakupa wewe. Je, ungeandika jina la nani?