Mguu wa Kibiru

Mchimba handaki hachomwi bure. Methali hii ilianza hivi, na wewe Muriuki weka hiyo simu mfukoni, maana sitarudia.

Jana mlikuwa mnamcheka mwenyekiti wa maji eti kajifungia bomba lake mwenyewe. Nikawaambia maneno hayo, mkanikodolea macho. Mngejuaje? Hata babu yenu Ngatia alichelewa kujua, naye ndiye aliyekula viazi.

Ilikuwa wakati wa hali ya hatari. Vijana walikuwa wameingia msituni kupigania uhuru, na Ngatia alikuwa mmoja wao. Tulikuwa na miezi minne ya ndoa. Serikali ya mkoloni ikatukusanya sote katika kijiji kimoja, ikatuwekea askari waliotoka miongoni mwetu wenyewe. Tuliwaita magadi, kutokana na "guard" ya Kizungu, yaani walinzi. Mkuu wao alikuwa Kibiru, mtu wa mlima wa pili tu kutoka kwetu, mwenye kitambaa cheupe mkononi na kiboko ambacho mgongo wangu unakijua mpaka leo. Sisemi alikuwa malaika. Alitupiga.

Amri ikaja kwamba tuchimbe handaki kando ya msitu, refu kutoka mto hadi mto, kina chake watu wawili wakisimamiana mabegani. Chini yake na kwenye kuta zake ipandwe mianzi iliyochongwa, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Fikirini, wanawake tunachimba kaburi la njaa la waume zetu! Kibiru aligawa sehemu kwa fimbo yake, kila nyumba na kipande chake. Mimi akanipa penye jiwe.

"Bibi wa Ngatia achimbe hapa," akasema, na wenzangu wakanisikitikia.

Niliponda jiwe lile wiki tatu, viganja vikichubuka, nami nikamlaani Kibiru na ukoo wake wote. Hata mianzi ya sehemu yangu aliipigilia mwenyewe, akidai mikono yangu ni mivivu. Ai, nilimchukia yule mtu!

Handaki lilipokwisha, siku kumi na mbili zikapita bila kiazi kimoja kuvuka. Habari tuliyopata ni kwamba kule ndani wanakula ngozi za mikanda. Siku ya kumi na tatu, tulipopewa muda wetu wa mchana wa kuokota kuni, nikafunga viazi katikati ya mzigo, nikajitenga hadi sehemu yangu. Heri mwanzi unichome kuliko kukaa nikingoja habari ya msiba.

"Nyaguthii!"

Nikageuka. Kibiru, peke yake, na bunduki begani.

"Nipige," nikamwambia. "Mume wangu anakufa njaa. Nipige tuishe wote."

Hakuinua bunduki. Alitazama nyuma, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hujajiuliza kwa nini nilikupa jiwe? Jiwe halichimbiki, mama. Hapo pana ngazi, pande zote mbili. Shuka kinyumenyume, mguu wa kulia kwanza, na kila hatua uanze na wa kulia. Mianzi nimeiachia nafasi ya unyayo. Ukianza na wa kushoto, umekwisha."

Nikaukaza mzigo mgongoni.

"Na kijijini uendelee kunitukana," akaongeza. "Siku utakaponiamkia vizuri, tutanyongwa wote wawili. Usimwambie mtu, hata Ngatia, mpaka bendera yao ishuke."

Basi nikavuka. Nikaacha viazi kwenye pango la mti ng'ambo, na kesho yake havikuwepo. Nilifanya hivyo miezi saba, nikirudi kijijini namtukana Kibiru mpaka wazee wananiambia nipunguze.

Halafu akaja mzungu mgeni, mkaguzi asiyecheka. Alitembea handaki lote, nasi tumepangwa nyuma yake. Penye jiwe akasimama. Udongo wa ukingo ulikuwa umemomonyoka.

"Hapa pamevukwa. Sehemu hii ya nani?"

Nilijua kamba ni yangu.

"Ni mvua, Bwana," Kibiru akasema. "Hapa hapavukiki."

"Shuka basi, nione. Ukifika chini mzima, mwenye sehemu hii atanyongwa."

Kibiru akavua viatu. Akageuka kinyumenyume. Na mimi, niliyeijua njia ile kuliko njia ya kwetu, nikaona ametanguliza mguu wa kushoto.

Mwanzi uliingia kwenye unyayo ukatokea juu. Wanangu, yule mtu hakulia. Alishika ukingo kwa mikono miwili, akainua uso. "Bwana umeona? Hapavukiki."

Mzungu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda zake. Na wanawake wakaangua kicheko! "Mchimba kisima huingia mwenyewe!" Mama Wanjugu akamtungia wimbo papo hapo. Nami nikacheka, maana ndivyo nilivyoagizwa. Nilicheka mpaka machozi, wakadhani ni ya furaha. Kesho yake nikavuka na viazi.

Bendera iliposhuka, wapiganaji wakarudi, wakamweka Kibiru katikati ya uwanja wamhukumu. Babu yenu alikuwa wa mbele kabisa, na panga mkononi. Kibiru alisimama kwa mguu mmoja. Hapo nikaona kinywa changu kimefunguliwa. Nikasema yote. Hawakuniamini, kwa hiyo nikawapeleka handakini, nikashuka mbele yao, mguu wa kulia kwanza, nikapanda upande wa pili bila mkwaruzo.

Mama Wanjugu, yule mtunzi wa wimbo, akajishika kichwa. "Kumbe mchimba handaki hachomwi bure!"

Ngatia alitupa panga. Akamwendea Kibiru, akamtia bega chini ya kwapa, akamtembeza mpaka kwake. Baba yenu alizaliwa mwaka uliofuata. Nisingevuka, Muriuki, hiyo simu angeishika nani?

Basi kesho mkipita kwa mwenyekiti wa maji, mwamkieni kwa adabu, kisha mmuulize bomba lake lilifungwa ili maji yafike kwa nani. Mchimba handaki hachomwi bure.