Bwana Farsi Aandikwa Mvuvi wa Kaa

Kaa walipoadimika mikokoni, serikali iliahidi kuwapa wavuvi wa Mkandaani mchele wa miezi mitatu. Bwana Farsi, mwenye hoteli iliyosifika kwa supu ya kaa, akamwendea Bi Mashavu, katibu wa wavuvi.

"Niandike! Mimi ni mvuvi tangu utotoni. Ukikataa, sinunui tena kaa wenu."

Bi Mashavu alivitazama viatu vyake vinavyometameta, akameza kicheko. "Nani asiyejua, Bwana Farsi? Tena utakuwa wa kwanza. Weka dole gumba hapa."

Farsi akaliweka mara mbili, lisije likafutika.

Siku ya kugawa, wavuvi walinuna kumwona tajiri yule mbele ya foleni, kalikumbatia gunia. Afisa akasoma fomu: "Bwana Farsi, kwa dole lako umeapa kwamba kwa miezi mitatu hutavua, hutapika wala hutauza kaa, mpaka wazaane."

Gunia likamponyoka. "Nifuteni! Sijavua kaa hata siku moja! Matope yenyewe nayaogopa!"

"Paza sauti, Bwana," Bi Mashavu akamsihi, kalamu mkononi. "Wa nyuma hawajasikia."