Kiboko Aliyeogopa Maji

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiombana chumvi kama majirani, palikuwa na mtoto wa kiboko aliyeogopa maji. Naam, kiboko! Msicheke, na nyie mna yenu.

Jina lake Bonge. Siku moja wimbi lilimwingia puani, basi, mto hautaki tena. Ngozi ikimkauka tu, "Mama weee!" Mama Bonge huyo mbio, mdomo umejaa maji, anammwagia mgongoni, pwaaa! Baba Bonge naye nyuma.

"Pole mwanangu. Kaa hapohapo, usisogee."

Bonge anatulia. Lakini kesho yake anakaa mbali zaidi na mto.

Kiangazi kikaja, mto ukapungua. Ukoo mzima ukaamua kuogelea hadi kwenye maji marefu, kesho asubuhi.

"Nitamwachaje mwanangu?" Mama Bonge akalia. "Akibaki, jua litamuua."

Kindi, jirani yao wa mtini, akaruka chini, pu! "Dawa ninayo. Jazeni maji midomoni, mkasimame mtoni. Ila ina mwiko: msimeze, msiteme, msiseme neno, mpaka Bonge aje mwenyewe awaguse."

"Hivyo tu?" akauliza Baba Bonge.

"Haya, jaribuni tuone."

Wakasimama. Jua likapanda. "Mama! Mgongo unaniuma! Niletee maji!"

Mama Bonge mashavu yamevimba, machozi yanamtiririka. Akainua mguu amfuate. Kindi, aliyekuwa kichwani pake, akamnong'oneza, "Mwiko, Mama Bonge! Mtazame tu. Ajue upo."

Bonge akalia, akagaragara, akanuna. Kisha akasogea. Akachovya ukucha, akaruka nyuma. Akarudi. Mguu ukaingia, magoti yakaingia, mwili wote unatetemeka, na anakuja. Chubwi! Akamwangukia mamake kifuani.

"Naogopa, Mama," akasema. "Lakini nimefika."

Mama Bonge akatema maji yote. "Umefika, mwanangu! Umefika kwa miguu yako!" Akambusu mpaka Bonge akaona haya.

Baba Bonge akakunja uso. "We Kindi! Dawa gani hii? Mbona ni maji matupu?"

"Matupu kabisa!" Kindi akacheka, keshafika mtini. "Nilikuwa natafuta tu njia ya kuwafunga nyinyi midomo!"

Asubuhi Bonge aliogelea katikati ya wazazi wake, anaogopa na anakwenda.

Basi wanangu, mtoto mwoga hupendwa kwa kusubiriwa, si kwa kufanyiwa kila kitu.