Dohani ya Kwelugoda

Kurefusha dohani si kupunguza moshi. Katika mji wa Kwelugoda methali hii husemwa hata na watoto, na siku moja ilimwangukia kijana aitwaye Kitojo, mwanafunzi wa ufundi aliyefika kiwanda cha vigae wiki hiyohiyo. Kitojo aliambiwa aondoe uwanjani vigae vilivyovunjika, avipeleke kwenye mashine ya kusaga ili vichanganywe tena na udongo. Mashine ilikuwa mbali, jua lilikuwa kali. Akavisukuma vyote nyuma ya ghala, akarudi akipangusa mikono kama daktari aliyemaliza upasuaji. Msimamizi akachungulia nyuma ya ghala, akamtazama, akayasema maneno hayo, kisha akaenda zake kula.

"Mimi nahangaika na vigae, yeye ananiletea habari za bomba la moshi," Kitojo aliwalalamikia wenzake walipokaa kupumzika kwenye banda la kufyatulia. "Hapa watu wanakunywa nini?"

Bi Salha, mama mtu mzima aliyeliongoza banda lile tangu vijana wale hawajazaliwa, alikuwa akimenya chungwa. Wakamgeukia yeye. Bibi, methali hiyo imetoka wapi? Bi Salha hakuharakisha. Alimaliza kumenya, akawagawia vipande, akajibakizia kidogo, ndipo akawaambia kwamba haikutoka mbali. Ilizaliwa na kiwanda kilekile walimoketi, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Zamani kidogo kiwanda kilikuwa na meneja kijana aitwaye Hozza. Alikuwa mtu mwema, na hilo lisemwe mapema kwa sababu mbele ya safari atachekwa. Kasoro yake ni kwamba ulimi wake ulikuwa na miguu mirefu kuliko yeye. Ulifika mahali kwanza, ukaahidi, naye Hozza akafika baadaye akihema, akiuliza kimeahidiwa nini.

Wakati huo tanuri la Kwelugoda lilikuwa halizimwi. Mwanzilishi wa kiwanda aliwahi kusema kwamba moto ni mgeni wa heshima, haufukuzwi. Mwanzilishi akafa, neno lake likabaki, likawa kama dini. Siku yenye vigae tanuri liliwaka. Siku isiyo na vigae liliwaka vilevile, tupu, kama mzee anayezungumza peke yake. Malori ya kuni yalishuka kutoka msitu wa Mazumbe, kijiji kilicho mlimani juu ya mji, na moshi ukatanda juu ya mji wenyewe. Aliyevaa kanzu nyeupe asubuhi alirudi nyumbani jioni na ya kijivu.

Ndipo wakubwa wa kampuni walipoweka ahadi kwamba viwanda vyao vyote vitatunza mazingira na kupunguza hewa ya ukaa. Hozza akatakiwa kuwatangazia watu. Akaita mkutano, na kwa kweli alieleza vizuri. Alisema kuni zikiungua hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo hutanda angani kama blanketi, dunia ikapata joto na mvua zikapotea njia. Miti ndiyo huinywa hewa ile, nasi miti yenyewe ndiyo tunayoikata tukaichoma. Alisema hiyo ni sawa na kumchinja paka halafu kulalamikia panya. Watu wakacheka, na kicheko kikamlevya. Akanyoosha mkono juu.

"Kabla ya vuli ijayo, moshi wa kiwanda hiki utapungua nusu. Usipopungua, msiniite mwanamume."

Makofi yakavuma. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mzee Shekalaghe wa Mazumbe, ambaye binti yake alikuwa ameposwa na Hozza, na posa ikapokelewa. Kila baba hupenda kusikia kwamba mkwewe ana neno.

Sasa ikabaki kazi yenyewe. Njia ilijulikana: tanuri liwashwe likiwa limejaa, lizimwe likiwa tupu, na joto linalobaki lielekezwe kwenye vigae vibichi badala ya kuvikaushia kwa moto mwingine wa kuni. Lakini Hozza alipowagusia wazee wa tanuri habari ya kuzima, walimtazama kama mtu aliyependekeza wamzike mama yao akiwa mzima. Mmoja alimwuliza taratibu ikiwa atakuwa tayari kuibeba laana peke yake. Hozza akarudi ofisini. Akakaa, akawaza, akatazama dirishani, akaiona dohani. Ilikuwa fupi.

Mafundi wakaja. Dohani ikaongezwa, ikapita mapaa, ikapita minara yote ya mji, na tangu siku hiyo moshi ukawa unapita juu ya vichwa vya watu kama tajiri asiyesalimia. Kanzu zikabaki nyeupe. Wauza maandazi sokoni wakaacha kukohoa. Wakubwa wa kampuni walikuja, wakatazama juu, wakaona anga safi, wakampa Hozza cheti na kupiga naye picha. Mwanzoni alipokea pongezi kwa aibu. Baadaye alizizoea, na mwisho akaziamini. Uongo mzuri huanza kumdanganya mwenyewe.

Huko Mazumbe nako kulikuwa na desturi. Posa ikishapokelewa, bwana harusi hakanyagi ukweni mpaka aitwe kunywa maji. Siku hiyo binti humletea maji ya kwao katika kata, naye huyanywa yote bila kukunja uso. Akikunja uso, ameikataa nyumba, na ndoa inaishia hapo. Kwa kawaida jambo hilo lilikuwa kama mchezo tu, maana nani hukunja uso kwa maji?

Hozza alipoitwa, alipanda mlima na mjomba wake, aliyekuwa mshenga. Alipanda kwa furaha. Binti yule alikuwa amemnasa tangu siku alipomwambia gulioni kwamba angefaa kuwa redio, maana redio nayo huongea bila kuulizwa. Tangu wakati huo hakuwa na hamu ya kusikiliza mwanamke mwingine.

Juu ya Mazumbe kulikuwa na wingu zito limekaa. Mjomba akasema ni ukungu, na ukungu siku ya heri ni baraka. Kadiri walivyopanda, baraka ile ikaanza kuwawasha macho. Migomba ilikuwa na masizi. Mahindi yalikuwa yameingizwa ndani, hayaanikwi. Vigae vyekundu, ambavyo Hozza mwenyewe aliwauzia watu wa Mazumbe kwa maneno mengi, sasa vilikuwa vyeusi kama masufuria. Aliijua harufu ile kama mzazi anavyoijua sauti ya mwanawe katika kundi la watoto wanaofanya fujo, na kama mzazi yeyote, alijifanya hajaisikia.

Mazumbe haina chemchemi. Watu wake hunywa mvua inayokingwa kutoka mapaani.

Wakakaribishwa, wakaketi mkekani. Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia, akikohoa. Binti akaingia, akapiga magoti, akatoa kata kwa mikono miwili. Hozza akatazama ndani. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa, na juu yake kulielea chembe nyeusi, zikizunguka polepole kana kwamba zinamtafuta mwenyewe.

"Karibu maji, mwanangu," alisema Mzee Shekalaghe. "Ndiyo tuliyo nayo."

Mjomba akamfinya goti. Hozza alifahamu kwamba akikunja uso amempoteza binti yule, basi. Akaiinua kata, akanywa. Tanuri zima likamshuka kooni: kuni, masizi, majivu. Uso wake ukabaki umetulia kama kigae. Alipoishusha kata tupu, mjomba alishusha pumzi na kuanza kumsifu Mungu.

"Yana ladha gani?" binti akauliza.

Bibi harusi hasemi siku ya maji. Kikohozi kikasikika nyuma ya pazia, na haikujulikana kama ni onyo au ni moshi tu. Hozza angeweza kusema ni matamu, na mambo yangeishia hapo, na wali ungeletwa.

"Yana ladha ya kiwandani kwangu," akasema.

"Afadhali umeyatambua," binti akasema. "Ulituahidi utaupunguza, tukakupigia makofi. Lakini malori ya kuni yanapita mlangoni petu kila siku, na yamejaa vilevile. Moto unaokula kama jana utatoaje moshi pungufu ya jana?" Akachukua kata. "Kurefusha dohani si kupunguza moshi. Watu wa bondeni wameacha kuuona tu, sisi tunaunywa."

Mjomba alianza kusema kwamba leo si siku ya maneno hayo, lakini Mzee Shekalaghe alimwinulia mkono.

"Mwanangu, hukukunja uso, nami nimeona. Heshima umetupa. Ila desturi inasema bwana harusi anywe maji ya kwetu, na haya uliyokunywa ni ya kwako. Ya kwetu yakipatikana tutakuita."

Hakusema kwa hasira, wala hakutaja lini. Wali haukuletwa.

Walipokuwa wakishuka, mjomba akapata wazo. Kwa nini dohani isiongezwe tena kidogo, moshi ukaipita na Mazumbe?

"Na nyuma ya Mazumbe kuna nani?" Hozza akauliza.

"Watu wengine tu."

"Nao wana mabinti, Mjomba."

Akaketi juu ya jiwe, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko machozi yakawa machozi kweli. Maana alikumbuka maneno yake mwenyewe ya mkutanoni. Hata angeirefusha ikavipita vijiji vyote vya duniani, blanketi lile lingeendelea kuwa zito. Hewa ya ukaa haina nyuma ya ghala pa kuisukumia. Hapo Bi Salha alimtupia Kitojo jicho, na Kitojo akayatazama maganda ya chungwa.

Jambo la kwanza alilofanya Hozza liliushangaza mji. Aliwaita mafundi, dohani ikakatwa ikarudi kimo chake cha zamani. Moshi ukarudi sokoni, na wanawake wakaja ofisini wakiwa wamebeba nguo za kijivu mikononi, wakamwuliza kama amerogwa. Akawajibu kwamba moshi ni wao, si wa Mazumbe, na kwamba wakiuona watamsaidia kuupunguza. Cheti akakirudisha kwa wakubwa wa kampuni, akawaambia kuni bado ni zilezile. Walikasirika, wakamwambia wangeweza kupata meneja mwingine. Aliwajibu kwamba wanaweza, lakini huyo mwingine naye atauwasha moto uleule, na ahadi iliyotangazwa ilikuwa ya kampuni kabla ya kuwa yake. Wakanyamaza, na kwa wakubwa kunyamaza ni ruhusa ya aina yake.

Kisha akaenda kukaa na wazee wa tanuri, palepale kwenye moto. Hakuwahutubia. Aliwasikiliza siku nzima, jambo lililowatisha kidogo. Mwishoni alisema atauzima yeye kwa mkono wake, na kama ipo laana imjue yeye. Akauzima. Watu walitoka majumbani kwenda kuitazama dohani isiyotoa moshi, kama wanaomtazama jogoo aliyesahau kuwika. Laana haikuja. Kilichokuja ni hasara: tanuri lilipowashwa tena waliharakisha moto, na vigae vyote vikapasuka. Wakajifunza kuupandisha taratibu. Wazee walewale waliokataa ndio waliogundua jinsi ya kuchanganya pumba za mpunga na kuni, wakaanza kujisifu kwamba wazo lilikuwa lao tangu zamani, na Hozza akawaachia sifa hiyo. Joto la tanuri likaelekezwa kwenye banda la kukaushia, na moto wa pili ukafa wenyewe kwa kukosa kazi.

Vuli ikafika na ahadi haijatimia. Vijana wa mtaani walimwita dada Hozza. Aliitika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake ulimi ulikuwa umebaki nyuma, miguu ikiwa imetangulia.

Watu wa Mazumbe hawakutangaziwa kitu. Waliona tu kwamba barabara ya malori imeanza kuota majani katikati. Masika ikaja, ikaosha mapaa, vigae vikaanza kuonyesha wekundu wao. Siku moja mtu akatumwa bondeni kumwambia Hozza kwamba anaitwa kunywa maji.

Bi Salha aliishia hapo, akakung'uta maganda mapajani.

"Akanywa?" akauliza Kitojo. "Na yule binti alimkubali, au alishachoka kungoja?"

Kabla hajajibiwa, mlangoni pa banda alitokea mzee mwenye kofia ya ukindu, ambaye vijana walimjua kwa jina la Mzee Redio tu, mstaafu aliyependa kupita kiwandani kusalimia watu na kuwaeleza habari ambazo hawakumwuliza. Alisalimia, akavua kofia, akamwomba Bi Salha maji.

Bi Salha aliinuka mwenyewe. Akachota kwenye mtungi, akampa kata kwa mikono miwili. Mzee hakunywa mara moja. Aliyatazama maji yale kwenye mwanga, kama mtu anayemsalimia rafiki wa siku nyingi, kisha akayanywa yote bila kukunja uso.

Vijana wakatazamana. Kitojo alisimama, akalivuta toroli, akaelekea nyuma ya ghala bila kuaga.

"Ana nini yule?" akauliza Mzee Redio.

"Ameuliza methali," alisema Bi Salha, akiipokea kata.

Mzee akacheka kidogo, akaivaa kofia yake. "Mwambieni ndiyo hivyo hivyo. Mimi nilielezwa nikiwa na masizi kooni, na sijaisahau mpaka leo: kurefusha dohani si kupunguza moshi."