Fisi, Mganga wa Ngozi za Vyura

Mwaka ule jua liliwaka hata mito ikabaki michanga mitupu. Mbuga nzima lilisalia dimbwi moja, na humo Bi Chura alikuwa ametaga mayai yake yote. Hakuwa na mengine.

Fisi aliyaona, mate yakamdondoka. Lakini mayai yalikuwa katikati, penye tope zito, naye aliogopa kuzama. Akajifunga kilemba, akabeba kibuyu cha ulimbo, utomvu unaonata, akajiita mganga.

"Pole, dada," alisema kwa huzuni nyingi. "Wanao wanaumwa. Tazama wanavyojizungusha ndani ya ute! Ngozi zao zina matundu. Maji yataingia, watapasuka. Nisogezee mayai hapa ukingoni niwapake dawa, nizibe kila tundu."

"Wanazunguka kwa sababu ngozi imeota vinywele vya kusukuma maji," Bi Chura akajibu. "Na hayo si matundu, mganga, ni milango. Kwenye utando wa kila seli wamekaa mabawabu wadogo, ndizo protini. Huyu huingiza chumvi, yule huzuia maji yasizidi, na wengine hushikana mikono ili seli zisiachane."

"Nimewakagua," Fisi akasema. "Wamelala wote. Mmoja anakoroma."

Mama ni mama. Bi Chura akaingiwa na hofu, akaanza kuyasukuma mayai taratibu kuelekea ukingoni.

Sungura alikuwa kando akitafuna nyasi kavu. "Mzee Fisi," aliita, "mganga wa kweli si huanza kujipaka mwenyewe?"

Fisi akayatazama mayai, yamebakiza hatua mbili tu. Kwa haraka akajimwagia ulimbo wote, kutoka utosini hadi mkiani, akaketi juu ya jiwe. "Mnaona? Sina tundu hata moja! Lete mayai, dada."

"Subiri dawa ikauke," Sungura akasema.

Ikakauka. Joto likamjaa Fisi mwilini likakosa pa kutokea. Inzi wakanasa masikioni mwake. Alipotaka kujikuna, mkono ukagandia shavuni. Alipotaka kusimama, makalio yakakataa.

"Nakufa! Nifungulieni!"

"Tumwambie nani afungue?" Sungura akauliza kwa upole. "Mabawabu wako umewapiga ulimbo wote, mganga."

Fisi akajivuta kwa nguvu zake zote. Manyoya ya makalio yakabaki jiweni, naye akatimua mbio, kilemba kikimfuata nyuma kama mkia wa pili.

Bi Chura aliyarudisha mayai katikati, akakesha akiyalinda. Siku ya tatu viluwiluwi wakatoka, ngozi zao nzima, laini, zikiteleza. Alijaribu kuwahesabu, wakamchanganya, akacheka peke yake.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.