Mayai ya Siku ya Kumi na Tisa

Aliyegeuza mayai ndiye ajuaye siku ya kuyaacha. Asubuhi nimemtupia Bahati msemo huo alipokuwa akijigamba kwa kazi ya darasa aliyoandikiwa na dada yake, nanyi mkacheka, kisha mkaniuliza umetoka wapi. Haukutoka kwa wahenga. Aliyeusema nilimwona kwa macho yangu, siku ambayo ukumbi mzima ulijaa hasira, na hasira ile mpaka leo haijaniisha. Sikilizeni ulivyozaliwa.

Palikuwa na shule ya sekondari kule Rungwe, upande wa mlimani, ambako baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Kidato cha tatu alikuwamo binti aitwaye Tupokigwe. Mama yake alifuga kuku, lakini kila ulipofika msimu wa baridi wale kuku waliatamia wiki moja wakasusa, mayai yakaoza. Tupokigwe alichoka kumwona mama yake akitupa mayai shimoni. Akaunda sanduku la mbao, kuta zake akazijaza pumba za mpunga ili joto lisitoroke, ndani akaweka dumu la maji ya moto. Umeme haukuwapo. Kipimajoto cha maabara kilikuwa kimoja kwa shule nzima, nacho kilifungiwa kabatini, basi akalaza yai kwenye kope la jicho kama bibi yake alivyomfundisha, akajua kama maji yaongezwe au yapunguzwe. Kila yai aliliandika msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, akaligeuza mara tatu kwa siku: kabla ya mchakamchaka, saa ya chakula cha mchana, na jioni baada ya usafi.

Mara ya kwanza alishindwa vibaya. Mayai yalikuwa ishirini na manne. Siku ya ishirini na moja ikapita, ya pili yake ikapita, kimya. Alipovunja maganda alikuta vifaranga kumi na tisa waliokamilika, na manyoya yao, wamekufa. Alilia. Kisha akaenda nyumbani likizo akamchunguza kuku mmoja aliyekubali kuatamia, siku baada ya siku, akaona kwamba siku tatu za mwisho kuku hageuzi tena mayai. Anatulia tu juu yake. Mara ya pili naye akaacha kugeuza siku ya kumi na nane, na vifaranga ishirini wakatoka wanalia.

Yote hayo aliyaandika kwenye daftari, kushindwa kwake na siku ya kuacha kugeuza vikichukua kurasa mbili nzima. Mradi ukashinda wilayani, ukashinda mkoani, ukaitwa fainali za taifa za sayansi, Dodoma. Akaweka mayai mapya akihesabu vizuri, ili yaanguliwe siku ya tatu ya fainali, siku ya zawadi.

Safari nzima ndani ya basi alilipakata sanduku lile magotini. Siku ya kumi na nane, basi liliposimama abiria wanywe chai, aliyageuza kwa mara ya mwisho. Kulikuwa na msafara wa watu watatu tu: yeye, Mwalimu Mwaseba wa fizikia, na kijana mmoja wa kidato cha nne, bingwa wa midahalo. Jina la kijana huyo tuliache kwanza. Tupokigwe aliambiwa kwamba kijana anakuja kumsaidia maswali ya Kiingereza.

Asubuhi ya siku ya kwanza walifika kwenye meza ya usajili. Wakapewa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Cha kijana kiliandikwa MTAFITI. Cha Tupokigwe kiliandikwa MSINDIKIZAJI.

Alikisoma mara mbili. Akamgeukia mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu. Hapa wamekosea."

"Hawajakosea. Ni mimi niliyejaza fomu."

"Lakini mradi ni wangu, Mwalimu."

"Mradi ni wa shule," Mwalimu Mwaseba alisema, huku akitabasamu kwa watu waliokuwa wakipita. "Kiingereza chako kinakwama, binti. Hapa ni taifani. Tunataka mtu wa kuzungumza."

"Mayai nimeyageuza mimi. Tangu siku ya kwanza."

"Kugeuza mayai? Hata kuku anageuza mayai! Hiyo nayo ni kazi ya akili? Kamtafutie mwenzako maji ya moto, majaji wanaanza saa nane."

Mnajua hasira ya mtu aliyeporwa mbele ya watu? Ndiyo hiyo iliyomshika. Wanafunzi wa shule nyingine walisikia, wengine wakacheka, na yule kijana wa midahalo akajifanya anasoma karatasi yake. Tupokigwe angeweza kutupa sanduku chini na kuondoka. Lakini ndani yake mlikuwa na mayai yaliyobakiza siku mbili, na vifaranga hawakumkosea kitu. Akaenda jikoni akaomba maji. Dodoma ni joto kuliko Rungwe, basi akalaza yai kwenye kope, akatia nusu dumu tu. Machozi yalimtoka na yai likiwa pale pale juu ya jicho.

Saa nane majaji wakaanza kuzunguka. Aliyekuja kwenye meza yao alikuwa Dkt. Mwanakheri, mama wa makamo, Mzanzibari, mtaratibu wa maneno. Kijana wa midahalo akajipanga. Jamani, alizungumza! Kiingereza kilimtoka kama maji ya bomba, mikono hewani, kifua mbele. Tupokigwe alisimama nyuma ya meza, mahali pa wasindikizaji, akimsikiliza akisema "nilibuni", "niligundua", "nilipima". Kila neno lilimchoma.

Jaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa Kiswahili, "Ahsante mwanangu. Haya ni mayai ya siku ngapi?"

"Kumi na tisa, Daktari."

"Na hugeuzwa?"

"Mara tatu kwa siku, bila kukosa."

"Haya, nigeuzie moja nione."

Kijana akafungua sanduku. Hakusita. Akatia mkono ndani, akashika yai la kwanza.

Kofi lilisikika mpaka meza za mbali.

"Toa mkono wako!" Tupokigwe alipiga kelele. "Toa! Utawaua!"

Mwalimu Mwaseba akaja mbio, uso umemwiva. "Wewe mtoto una wazimu? Unatuaibisha mbele ya majaji! Toka hapa!"

"Sitoki!" Akasogea mbele ya sanduku. "Yameachwa kugeuzwa tangu jana. Kifaranga ameshajipanga, kichwa kimeelekea penye nafasi ya hewa ndani ya yai, anangoja kutoboa. Ukimvuruga sasa hajui tena pa kutokea. Anafia ndani!" Akafunika sanduku kwa mikono yake mwenyewe. "Na Mwalimu anajua, niliandika."

Dkt. Mwanakheri akachukua daftari la mradi, akapekua. "Mbona hapa sikioni kitu hicho?"

Tupokigwe akalitazama daftari. Katikati, penye uzi, palikuwa na vipande vya karatasi vilivyobaki baada ya kurasa mbili kuchanwa. Hapo ndipo alipoelewa. Hakupaza sauti tena, na sauti ile ya chini ilitisha kuliko kelele.

"Mwalimu, ulizichana?"

Mwalimu akamjibu kwa ukali. "Vifaranga kumi na tisa waliokufa, unawapeleka taifani? Nilikuwa nalinda jina la shule. Aibu haiandikwi."

"Hiyo aibu ndiyo iliyonifundisha. Asubuhi ulisema hata kuku anageuza mayai. Kweli, Mwalimu. Lakini kuku anajua siku ya kuacha. Ninyi hamjui."

Hakuna aliyecheka safari hii. Jaji akasoma kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa binti, akatikisa kichwa kwa uchungu. Akamwambia mwalimu, "Aliyegeuza mayai ndiye ajuaye siku ya kuyaacha. Mwandikeni huyu."

"Daktari, usajili umeshafungwa. Kanuni ni kanuni."

"Naam. Kanuni inasema nimpe alama aliyesajiliwa." Akamgeukia kijana wa midahalo. "Basi nambie wewe, mwanangu. Mayai haya umeyageuza mara ngapi?"

Kijana akamtazama mwalimu. Akatazama viatu vyake. Angesema kweli, jaji angekuwa na la kushikilia mbele ya wenzake. Hakusema. Dkt. Mwanakheri akafunga kitabu chake bila kuandika alama hata moja, akaenda meza ya pili.

Siku ya tatu, wakati wengine wakipigiwa makofi na kuvishwa medali, vifaranga ishirini na wawili walitoboa maganda ndani ya sanduku la pumba. Watu waliacha viti vyao kuja kuwaona. Tupokigwe aliwapokea mmoja mmoja, na kitambulisho alikuwa amekivua. Shuleni, Mwalimu Mwaseba aliwaambia wazazi kwamba "tulishiriki vizuri". Msiniulize kama binti alimsamehe. Alikataa hata kumsalimia, nami simlaumu.

Mnataka jina la yule kijana? Mnamwita Babu. Mkono uliopigwa kofi ni huu hapa, na kofi lile nilistahili, tena lilikuwa dogo. Nilikuwa na Kiingereza cha kujaza ukumbi, nikakosa maneno mawili tu ya Kiswahili ya kumjibu yule mama: hata moja. Sikugeuza hata moja. Nimeyasema maneno hayo peke yangu miaka arobaini, na leo nimeyasema mbele yenu.

Sasa wewe Bahati, lete hilo daftari, ufute jina lako uandike la dada yako. Na kesho mwalimu akikuuliza, usitazame viatu. Aliyegeuza mayai ndiye ajuaye siku ya kuyaacha.